Swala ya Mpagazi: Huduma ya Dini Jeshini katika Vita vya 1914–1918

Jeshi la Uingereza lilikuwa na idara ya makasisi tangu mwaka 1796, na Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka kasisi wa jeshi, yaani padri aliyepewa kazi ya kuwaongozea askari ibada, kuwaliwaza majeruhi na kuwazika wafu, alikuwa ofisa mwenye cheo, aliyelindwa na Mkataba wa Geneva wa 1906 sawa na tabibu. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya askari, si kwa mpagazi, ingawa bila mabega ya mpagazi jeshi lisingesogea Afrika Mashariki.

Mwaka 1916 Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliunda kikosi cha wapagazi wa visiwani, akapewa cheo cha meja na kufuatana nao bara kwa miguu. Uamuzi huo unastahili heshima, lakini unaacha swali zito, kwani aliyemwombea mpagazi ndiye aliyemwamuru abebe.

Zito zaidi ni swali la Waislamu, ambao ndio wengi wa watu wa Unguja. Uislamu hauna upadri. Kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni faradhi ya kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wachache wakiutimiza wengine huondokewa na dhambi, hivyo aliyefia njiani angeweza kusitiriwa na wenzake. Tena maradhi, yakiwemo ya kuhara damu, yaliwaua wapagazi wengi kuliko risasi, na aliyekufa kwa maradhi ya tumbo wanazuoni humhesabu shahidi wa akhera, yaani mwenye malipo ya shahidi huko akhera, ingawa hapa duniani huoshwa na kuswaliwa kama maiti wengine. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi kisiwani, huruhusu pia kumswalia maiti aliye mbali, kwa hiyo hata jamaa waliobaki Paje au Makunduchi, vijiji vya Unguja, wangeweza kumswalia mtu wao, mradi wafikiwe na habari ya kifo chake.

Kwa sababu hiyo daftari la majina, ambalo makarani wa jeshi waliliona kuwa la mishahara na posho, lilikuwa sehemu ya huduma ya dini, na kutoliandika vyema kuliwanyima wafu haki ambayo hakuna kasisi angeweza kuifidia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina.