Hamkuniuliza

Neno la kutafakari mwezi huu limo katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuanzia aya ya 28. Wengi wetu tukifika hapo husoma haraka haraka ili tupite, kwa kuwa ni sheria za ng'ombe na mashimo, nasi twadhani hazituhusu. Tunaomba safari hii msipite. Fungueni Biblia zenu msome wenyewe, kisha mrudi hapa.

Maana yake kwa maneno yetu ni hii. Ng'ombe akimpiga mtu pembe hata akafa, ng'ombe huyo atauawa, lakini mwenyewe hana hatia. Ila ikiwa ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga watu tangu zamani, na mwenyewe alikwisha kuonywa, naye asimfunge, basi damu ya aliyekufa i juu yake. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyewe alikuwa anajua.

Sasa tuwasimulie habari yetu, maana mmeisikia vipande vipande sokoni na misibani, na kila kipande kina chumvi yake.

Mwaka 2019 halmashauri ya mtaa wetu iliazimia kununua gari la kumfikisha padre kwenye makanisa ya milimani na kuwateremsha wagonjwa. Fedha zilikuwa shilingi milioni 12. Mnajua zilikotoka: machungwa ya shamba la kanisa, maandazi ya akina mama, harambee mbili, na bahasha za watu wasiopenda kutajwa. Sisi tunaoandika haya tulikuwa miongoni mwa watu watatu waliotumwa mjini kulitafuta, labda kwa sababu watu hudhani kwamba aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini na zaidi hawezi kudanganywa. Tulipata pikapu nyeupe, inang'aa kama sahani. Aliyekuwa akiiuza ni Mkristo mwenzetu, mshiriki wa Meza ya Bwana, na jambo hilo lilitufumba macho mapema. Fundi hatukumchukua. Tuliwasha injini, tukasikiliza, tukazunguka uwanja mara mbili, tukapatana bei. Jumapili iliyofuata gari lilinyunyiziwa maji ya baraka mbele ya kanisa, na akina mama wakalifunga khanga. (Kwa hiyo lilibarikiwa kabla ya kukaguliwa. Mitaa mingine tungeishauri ianze na ukaguzi.)

Haikupita miezi miwili, padre akalalamika kwamba usukani unavuta kushoto, na tairi la mbele la upande huo linalika kwa ndani tu. Tukalipeleka kwa fundi wa kunyoosha bodi, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la nne. Akatoa sumaku ndogo, akaipitisha ubavuni mwa gari. Penye bati ilinata. Juu ya gurudumu la mbele la kushoto ikadondoka. Akaiweka tena, ikadondoka tena. "Mwalimu," akasema, "hapa hakuna bati, hapa pana dawa ya kuzibia." Akatuonyesha mpira wa mlango uliorukiwa na rangi, ambayo haikuwa ya kiwandani. Akatuonyesha nati za boneti zilizochubuliwa na spana. Akatuambia tupitishe kidole katika pengo lililo kati ya boneti na ubavu: kushoto kiliingia, kulia hakikuingia. Kisha akasema, "Vua koti, Mwalimu, ulale chini." Tukalala. Kule chini chasisi ilikuwa imekatika na kuunganishwa kwa kuchomelea, na juu ya kovu pamepakwa lami nyeusi ili lisionekane. Tukaligusa kwa mkono wetu. Akatueleza kwamba gari lile liligongwa vibaya kwa mbele, na kwamba chuma kilichochomelewa namna ile hakiwezi kuwakinga walioketi mbele likigongwa tena. Tena chaweza kuachia hata kwa mashimo ya barabara ya milimani, pasipo kugongwa na mtu.

Mambo hayo yote yalikuwapo siku ile tulipozunguka uwanja mara mbili.

Tulimwendea ndugu yule kama Bwana wetu alivyoagiza katika Mathayo 18, kwanza faraghani, halafu pamoja na wazee wawili. Hakukana. Alisema alijua kuwa gari lilipata ajali. "Lakini wazee wangu, hamkuniuliza," akasema. "Mngeniuliza ningewaambia. Na kila mnunuzi ana macho yake."

Hilo la macho lina ukweli wake, na tumekwisha kuungama uzembe wetu mbele ya halmashauri. Sheria tulizorithi kwa Waingereza nazo zilitokana na desturi ya kale kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ila Kanisa lilitazama jambo hili kwa upande wa pili tangu zamani. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuliza kama muuzaji anapaswa kutaja kasoro ya kitu anachouza. Akatofautisha. Kasoro inayoonekana na kila mtu, mfano farasi mwenye jicho moja, muuzaji akiinyamazia hana dhambi, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, kama nyumba iliyo karibu kuanguka inapouzwa kuwa ni imara, asipoisema uuzaji wake ni hila, naye amewiwa kulipa. Na hili la "hamkuniuliza" tulilitafakari sana. Mtu ataulizaje juu ya kovu ambalo limepakwa lami kusudi asiulize? Aliyepaka lami alitujibu kabla hatujafungua kinywa, naye alitujibu uongo. Ezekieli, sura ya 13, anawasema watu wa namna hii: ukuta dhaifu umejengwa, wao wakaja kuupaka chokaa, na mvua ya Mungu ikija ukuta na chokaa vitaanguka pamoja, na wapakaji watatafutwa.

Mpaka hapa habari ni njema kwetu, kwa kuwa sisi ndio tulioonewa, na mtu aliyeonewa hupenda sana kuhubiri. Lakini kuna sehemu ya pili, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Halmashauri iliketi kuamua gari lifanyweje. Kulitengeneza ipasavyo kulipita uwezo wetu. Mjumbe mmoja akasema liuzwe mjini upesi kwa mkono wa dalali, lami ipakwe upya, na atakayenunua atumie macho yake. Ndugu zangu, hakuna aliyeshtuka. Tulianza kukadiria bei. Sisi tunaoandika haya ndio tulioshika kalamu ya mkutano, na ndio tuliosema, nayo yamo daftarini kwa mwandiko wetu, kwamba hatulazimiki kumweleza habari za gari mtu asiyeziuliza. Tukaongeza kwamba fedha hizi ni za Mungu, na kuzipoteza ni kumwibia Mungu. Kwa miezi mitatu tulikuwa tumemlaumu mwenzetu kwa neno moja, na sasa neno lile lile lilikuwa kinywani mwetu, tena tumelivika kanzu.

Tena hatia yetu ingezidi yake. Pengine yeye alisimuliwa tu habari za ajali; hilo Mungu analijua. Sisi tulilala chini tukalishika kovu. Kwa maneno ya Kutoka 21, sisi tulikwisha kuonywa.

Akainuka bibi mmoja mjumbe, ambaye hajapata kushika usukani maisha yake, akauliza, "Huyo atakayelinunua, watoto wake atawaketisha mbele au nyuma?" Hakuna aliyemjibu. Padre akaahirisha kikao, tukaingia kanisani, tukasoma Zaburi ya 15, ile inayouliza ni nani awezaye kukaa katika hema ya Bwana. Tuliporudi hatukupiga kura.

Tukaandika karatasi, tukaibandika kwenye kioo cha mbele: kwamba chasisi imekatika mbele kushoto na kuchomelewa, kwamba bodi imezibwa, na kwamba gari halifai kubeba watu. Walikuja wanunuzi watano, wakasoma, wakaenda zao. Mmoja alicheka akasema hajapata kuona watu wanaoua biashara yao wenyewe kwa kalamu. Wa sita alitoa shilingi milioni 9 taslimu. Yeye alisoma karatasi yote, akaelewa, na sharti lake lilikuwa moja tu: tuibandue, maana anaye mtu wa kumwuzia huko mbali.

Hapo jaribu lilituzidi nguvu kuliko mwanzo. Ukweli tungekuwa tumeusema. Mnunuzi wetu angekuwa amenunua macho wazi, na mwongo angekuwa mwingine, katika mji mwingine. Tulikaa na neno hilo siku mbili, na usiku wa kwanza tulikwisha kuamua kukubali. Tulikataa kwa sababu ya ng'ombe yule wa Musa. Kumfungulia ng'ombe mkali akatokea kwa lango la jirani si kumfunga.

Mwishowe fundi yule na mwenzake walinunua injini, giaboksi, matairi na viti, jumla shilingi milioni 4 na laki 3. Chasisi ilikatwa vipande mbele ya macho yetu, ikauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kiasi kile kidogo kikaingia mfuko wa wagonjwa.

Basi, ndugu msomaji, huenda wewe huna gari wala hutalinunua. Lakini unaye mbuzi anayekohoa usiku na kunyamaza siku ya mnada. Una kiwanja chenye kesi. Una gunia la mahindi mema juu na yaliyobunguliwa chini. Katika katekisimo tulijifunza, kabla ya mkono wa Askofu kuwekwa juu ya vichwa vyetu, kwamba wajibu wetu kwa jirani unafika mpaka sokoni. Usingoje uulizwe. Na kama kitu umekwisha kukiuza, nacho kingali mikononi mwa mtu, nenda ukamwambie leo, hata kama fedha zake umekwisha kuzila. Zakayo alianza na kurudisha, na Bwana hakumwambia angoje.

Nanyi wanunuzi, nendeni na fundi, tena fundi wenu, siyo wa muuzaji. Litazameni gari mchana penye jua, siyo jioni wala likiwa limetoka kuoshwa likingali na maji, maana maji huficha tofauti ya rangi. Linganisheni namba ya chasisi na ile ya kadi. Kisha ulizeni waziwazi mbele ya shahidi: je, gari hili limepata kugongwa? Wala msijidhanie kuwa watakatifu, maana Mithali 20:14 yamtaja pia mnunuzi anayekidharau kitu mbele ya mwenyewe kisha akaenda akijisifu. Hilo tutaliandika siku nyingine.

Hesabu ya hasara ilisomwa kanisani Jumapili, shilingi kwa shilingi, pamoja na sababu zake. Wako waliokasirika, nao walikuwa na haki. Mzee mmoja aliacha kutoa bahasha yake kwa karibu mwaka mzima, akisema tumezitupa fedha zake mara mbili, kwanza kwa ujinga na pili kwa wema. Ndugu aliyetuuzia hajarudisha kitu, wala hatukumpeleka mahakamani. Tunakutana naye katika sikukuu za dayosisi na kupeana mkono wa amani. Kwa sisi tunaoandika haya mkono huo si mwepesi, nasi tunaomba mtuombee.

Padre huenda milimani kwa pikipiki. Mvua ikinyesha hulala huko huko, na Misa ya asubuhi hapa kwetu huanza atakapofika.