Kuujua Uchungu wa Mwenzako

Wazee wetu walitufundisha ya kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Neno hili ni kweli, lakini watu hulishika kwa njia mbili. Mmoja asema, "Kwa kuwa siijui taabu ya mwenzangu, hainihusu." Mwingine asema, "Kwa kuwa siijui, yanipasa kumwuliza yeye alalaye pale." Yafaa tufikiri ni yupi aliyeielewa mithali.

Wako wanaosema kwamba mtu wa kazi hana haja ya kuona uchungu pamoja na wale anaowahudumia. Daktari na ajue dawa, mwalimu na ajue somo, hakimu na ajue sheria; yatosha. Tena waogopa ya kuwa moyo ukilegea, mkono nao utatetemeka. Hoja hiyo si ya kuchekwa, maana daktari aliaye hawezi kushona jeraha. Lakini na tutazame habari ya mtu mmoja.

Huko Uingereza alikuwako mwanamke, jina lake Cicely Saunders, aliyezaliwa mwaka 1918. Kwanza alikuwa mwuguzi, lakini kwa ajili ya maumivu ya mgongo aliiacha kazi ile, akawa mtumishi wa kuangalia mambo ya wagonjwa na jamaa zao. Ndipo alipokutana na David Tasma, mkimbizi kutoka Poland, asiye na jamaa karibu, aliyekuwa akifa kwa saratani. Mara nyingi alikaa kando ya kitanda chake, akamsikiliza. Tasma alikufa mwaka 1948, akamwachia paundi 500 ziwe mwanzo wa nyumba ya wagonjwa waliyokuwa wakiizungumza.

Huruma ya bibi huyu haikuishia katika machozi. Alijifunza udaktari, akahitimu mwaka 1957. Na tangu mwaka 1958, katika hospitali ya St Joseph's huko London, aliwauliza wagonjwa habari za maumivu yao, hata akayanasa maneno yao kwa mashine. Siku zile mahali pengi mgonjwa alingojeshwa mpaka maumivu yamrudie, ndipo apewe mofini. Yeye aliitoa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, nayo hofu ya kungoja ikapungua. Tena alitambua ya kuwa mtu haumwi mwili tu. Huumwa na upweke pia, na wasiwasi wa watoto atakaowaacha. Mwaka 1967 nyumba ya St Christopher's ilifunguliwa. Kazi ya namna hii imefika hata kwetu Afrika ya Mashariki. Huko Uganda Dkt. Anne Merriman alianzisha yake mwaka 1993.

Twaona nini hapa? Wale wasiouliza waliijua dawa, lakini hawakuijua saa yake. Kusikiliza hakukuulegeza mkono wa daktari huyu, bali kuliuongoza. Basi kushiriki uchungu wa mwenzako si pambo la kazi. Ni sehemu ya ujuzi wenyewe.

Hata nyumbani ni vivyo hivyo. Mtoto achelewaye shule huadhibiwa kabla ya kuulizwa, na kumbe alfajiri alikuwa akimtekea maji nyanya yake mgonjwa. Mume amkuta mke wake amenyamaza, asema, "Najua una nini," wala hajui. Huyu naye amekosa, ingawa ana moyo mwema. Kwani asemaye "najua" upesi huufunga mlango sawasawa na yule asiyejali.

Basi, ndugu, tusijisifu kwamba twaweza kulala katika kitanda cha kila mtu. Hatuwezi. Lakini twaweza kuvuta kiti, kuuliza, kungoja jibu, na kuliacha jibu hilo ligeuze jambo tulilokusudia kutenda. Mwenye kufanya hivyo ndiye aliyeielewa mithali.