Pumzi Haina Cheti

Mimi nikikosa pumzi naaminiwa. Natoa inhela mfukoni, naitikisa, navuta, na kila mtu uwanjani anarudi nyuma nipate hewa. Kuna hata wa kunishikia chupa ya maji. Binamu yangu akikosa pumzi ngazini na mtungi wa lita 20 mkononi, anaambiwa aache uvivu. Tunaishi nyumba moja, hapa Frere Town, ghorofa ya nne, na maji ya mfereji hayapandi hadi kwetu.

Si kwamba mimi niliaminiwa tangu mwanzo. Shuleni nilikuwa namaliza mbio vizuri tu, kisha dakika chache baada ya kusimama, kifua kinaanza kubana na kutoa mluzi. Mwalimu wa michezo hakuelewa: mtu anakimbia bila shida, halafu anaugua akishaketi? Akaamua naigiza. Kumbe pumu ya mazoezi ndivyo ilivyo. Ukikimbia unavuta hewa nyingi, haraka, tena kwa mdomo, kwa hiyo haipiti puani ikapata unyevu. Njia za hewa zinakauka, na misuli inayozizunguka inajikaza. Mara nyingi hali huwa mbaya zaidi kati ya dakika 5 na 15 baada ya kusimama. Ukinipima nikiwa nimetulia kitini, mapafu yangu hayana neno. Ilibidi daktari anikimbize kwanza, ndipo anipime.

Nilitoka pale na jina la ugonjwa, na watu wakabadilika kabla hata sijavuta dawa. Kifua kilikuwa kile kile cha jana. Kilichoongezeka ni karatasi.

Ungetegemea basi niwe wa kwanza kumwamini binamu yangu. Wapi!

Yeye amekwenda hospitali mara tatu. Kifua kimepigwa picha, damu imepimwa, moyo umepimwa, naye pia kakimbizwa na kupuliza kwenye mashine. Kila kitu sawa. Jioni moja nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya ghorofa ya tatu, mkono ukutani, mabega yakipanda na kushuka. Nikampa inhela yangu. (Usinifuate kwa hilo, dawa ya mtu ni ya mtu.) Akavuta mara mbili, tukangoja. Haikusaidia kitu. Na mimi, badala ya kuogopa, nikasema moyoni: leo nimekukamata.

Hilo neno linanisumbua hadi leo. Dawa ile hulegeza misuli ya njia za hewa ikiwa imejikaza. Isipofanya kazi, pengine shida yake si hiyo. Basi. Haijasema hana shida. Nilipata jibu la swali dogo, nikalitumia kuamua kesi kubwa. Tunapenda kusema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kisha tunamtaka maiti huyo huyo atuletee ripoti ya maabara.

Halafu kuna lile la nyumbani: "ni mawazo tu." Hiyo "tu" inatoka wapi? Hofu inaweza kumfanya mtu apumue haraka mpaka aone kizunguzungu na vidole vife ganzi. Hata kama ni mawazo, aliyekaa kwenye ngazi hapati pumzi. Kiswahili chenyewe kimetoa kupumua, pumzi, pumu na kupumzika kwenye shina moja.

Lakini nisijifanye mtakatifu wa kuamini kila mtu. Mtungi asioubeba yeye unabebwa na mama yangu, ambaye magoti yake yana malalamiko yao. Kuna mahali ushahidi unadaiwa kwa haki. Kuanzia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Salt Lake City, 2002, mwanariadha aliyetaka kutumia dawa za pumu za kuvuta alitakiwa kwanza kuonyesha vipimo. Sina ugomvi na hilo. Pale kuna medali. Na pumu haimzuii mtu kuitwaa: Paula Radcliffe anayo hii hii yangu, na rekodi ya marathoni aliyoiweka London 2003 ilidumu mpaka Brigid Kosgei wetu alipoivunja Chicago 2019.

Ngazi zetu hazina medali. Binamu yangu akidanganya, anachookoa ni mtungi mmoja wa maji, na anakilipia kwa kuitwa mvivu kila siku. Kama huo ni uongo, basi ni wa mtu asiyejua hesabu.

Pale Kengeleni bado ipo ile kengele iliyoipa steji jina. Wamishonari walianzisha Frere Town miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na husimuliwa kuwa kengele hiyo iligongwa kuwaonya kwamba wakamataji wanakuja. Nikipita pale huwa najiuliza kama kuna aliyeisikia akasema: kwanza nionyesheni jahazi. Sidhani. Aliyekimbia bure alipoteza jioni moja tu.

Siku hizi tunapanda na mitungi ya lita 10, mmoja mmoja. Tukifika ghorofa ya tatu anasimama, nami nasimama. Juzi akaniuliza, "Kaka, unaniamini, au unanionea huruma?"

Nikamwambia sijui.

"Angalau hapo hujanidanganya," akasema, akavuta pumzi, akainua mtungi wake.