Urafiki wa Watoto Si Uchumba

Siku hizi si ajabu kumsikia mtoto wa darasa la tano akisema kwamba ana mchumba. Barua zapelekwa kwa siri ndani ya daftari, na apataye kushika simu ya mama yake hutuma ujumbe usiku. Wazazi wengine hucheka tu. Wengine hushika fimbo. Sisi twaona kwamba wote hawajalipima jambo hili sawasawa.

Kwanza yafaa tuulize: Je, mtoto hutenda kosa ampendapo mwenzake? Hapana. Baba, mama na ndugu hakuwachagua; rafiki ndiye mtu wa kwanza amchaguaye mwenyewe. Kwake hujifunza kugawana kipande cha muhogo wakati wa mapumziko, kugombana na kupatana. Asiyejifunza hayo utotoni, atajifunza wapi kabla ya ndoa?

Lakini uchumba ni neno jingine. Uchumba ni ahadi, na ahadi yataka mtu awezaye kuitimiza. Mtoto wa miaka 11 hana uwezo huo. Tukiuita urafiki wake uchumba, twamtwika mizigo ya watu wazima: wivu, aibu ya kuachwa, na haja ya kuficha. Nani basi alimpa jina hilo? Mara nyingi ni sisi. Babu kumwita mjukuu "mke wangu" ni utani wa kale, na kila mtu ajua mpaka wake. Bali jirani amwulizapo mtoto mdogo mchumba wake ni nani, huyo jirani hupita, na neno hubaki.

Watu watasema: Zamani wasichana waliolewa wadogo. Ni kweli. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi; lakini Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, ziliamua kwamba jambo hilo lapingana na Katiba. Tena, hao wa zamani hawakuachwa peke yao. Katika jando na unyago walikuwapo makungwi wa kuwafunza. Leo wengi hufunzwa na simu.

Basi yatupasa kufanya nini? Barua ya mtoto isisomwe mbele ya darasa wala mbele ya wageni. Aliyeaibishwa haachi kupenda, huacha kusema. Rafiki yake aalikwe nyumbani mchana, ale pamoja na wengine, tupate kumjua yeye na wazazi wake. Lakini huyo "rafiki" akiwa mtu mzima, mwenye zawadi na maneno ya "usimwambie mtu", huo si urafiki hata kidogo, na hatuna budi kumlinda mtoto mara moja. Na tutajuaje? Atatuambia yule aliyezoea kusikilizwa katika mambo yake madogo.