Deni Lililo Damuni

Mundu ni chombo cha mavuno. Kimepinda, kina makali, na aliyewahi kuvuna mpunga anajua kinavyolishika shina na kulikata. Chembe nyekundu ya damu yenye afya haina makali yoyote. Ni kisahani kilichobonyea katikati, laini kiasi cha kujikunja na kupenya kwenye mshipa mwembamba kuliko chenyewe. Haina kiini. Kimsingi ni mfuko uliojaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na huishi siku 120 hivi.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila mnyororo wa beta una asidi amino 146. Mwaka 1956, Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa selimundu inatofautiana na ya mtu mwingine mahali padogo mno. Ni nafasi ya sita ya mnyororo wa beta: palipopaswa kukaa asidi glutamiki pamekaa valini. Ya kwanza hupatana na maji, ya pili huyakwepa. Basi himoglobini zikishaachia oksijeni, hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa nyuzi ndefu na ngumu, na chembe ikapinda kama mundu. Hukwama mishipani, na mwenye mwili huo hulia kwa maumivu ya mifupa usiku kucha. Badala ya siku 120, chembe hizo huishi siku 10 hadi 20.

Jeni inayoua watoto ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Kwa nini bado tunayo? Mwaka 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Ramani ya jeni ilifuata ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui selimundu, na anapata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua.

Hapa ndipo biolojia inanikabidhi swali ambalo yenyewe haiwezi kulijibu. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wakipata mtoto, uwezekano wa mtoto huyo kuugua ni asilimia 25. Wa kubeba jeni bila kuugua ni asilimia 50. Yaani jeni ileile iliyomvusha babu katika homa za utotoni ndiyo inayomlaza mjukuu hospitalini. Wengi walipona, wachache wakalipia. Je, sisi wajukuu wa waliopona tunadaiwa chochote?

Unaweza kunijibu kwamba hakuna deni pasipo makubaliano. Babu hakuomba kinga, na mtoto hakutolewa kafara na mtu yeyote. Uteuzi wa asili hauna nia wala daftari. Nakubali, hakuna wa kulaumiwa. Lakini lawama na wajibu ni vitu viwili. Anayerithi shamba hurithi pia madeni ya marehemu, ingawa hakuwapo yalipokopwa. Akilima shamba na kuyakana madeni, tunajua tumwiteje.

Sasa tazama namna tunavyolitwika deni hili watu wawili peke yao. Vijana wakitaka kuoana, tunawauliza, “Mmepima?” Ni swali zuri, na ningemshauri yeyote apime: anayejua hali yake huamua akiwa macho. Ubaya unaanza pale jibu linapogeuzwa hukumu. Uchumba unavunjwa kwa minong’ono, ukoo wa mmoja unaitwa una damu mbaya, na mama mwenye mtoto mgonjwa anasutwa kana kwamba aliinunua jeni dukani. Damu mbaya? Huenda bila damu hiyo ukoo mzima usingekuwapo.

Dawa ya deni ni kulipa. Malipo yenyewe yanajulikana: kupima watoto wachanga mapema, kuhakikisha vidonge vya haidroksiurea, vinavyopunguza vipindi vya maumivu, vinapatikana mpaka wilayani, na kuchangia damu kabla hatujaombwa na ndugu. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ugonjwa huu. Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo haimfikii mtoto wa Mwanza wala wa Kisumu, kule jeni ilikofanya kazi yake kubwa kuliko kwingi duniani.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza mama aliyempakata mtoto wake wodini kwa nini hawakupima, jiulize kwanza damu yako wewe ilivukaje malaria ya karne zote hizo mpaka ikakufikia.