Neno la Nyumbani na Kalamu Nyekundu

Kila mwalimu wa lugha anayo kalamu nyekundu, nasi twaitumia kila siku pasipo kuiuliza habari zake. Twapiga mstari chini ya neno, twaandika jingine juu yake, twafungua daftari la pili. Lakini yako maneno ambayo kalamu hiyo ikiyapitia hugusa zaidi ya karatasi. Hayo ni maneno ambayo mtoto huwaitia watu wa kwao: mama, baba, bibi na ndugu. Je, mwalimu anayo haki ya kumsahihisha mtoto jinsi anavyomwita mama yake? Swali hili twapenda kulipima kwanza kwa mfano wa Kiingereza huko huko Uingereza, lugha ambayo wengi wetu tumezoea kuidhani kuwa ni moja iliyonyooka. Kisha tujitazame wenyewe.

Vitabu vyetu vya shule vilitufundisha kwamba mama ni "mother", na kwa mapenzi "mum". Kumbe katika nchi yenyewe mambo si mepesi hivyo. Kaskazini ya Uingereza na katika Wales, watu wengi husema "mam". Birmingham na miji iliyo jirani nayo husema "mom", na mwalimu mgeni huweza kudhani kwamba mtoto ameiga Wamarekani, ilhali amelipokea neno hilo kwa mama mwenyewe. Mtoto mdogo katika sehemu nyingi za Scotland na kaskazini-mashariki ya Uingereza ni "bairn". Lakini Glasgow ni "wean", neno lililotokana na mawili yenye maana ya "kadogo kamoja". Bibi huitwa "nan" au "gran"; katika Wales ya kaskazini ni "nain", na kusini ni "mam-gu", nayo ni maneno ya Kiwelisi ambayo wengi huyatumia hata wanaposema Kiingereza. Na huko Manchester na Liverpool ndugu huitwa "our kid", yaani "mtoto wetu". Mzee wa miaka 60 huweza kumwita hivyo mdogo wake wa miaka 58 aliyekwisha pata wajukuu.

Katika neno hilo "wetu" mna jambo la kutafakari. Watu wa kaskazini humtaja ndugu yao Mary kuwa ni "our Mary", Mary wetu, hata msemaji akiwa peke yake. Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa, kwani kwetu pia mtu mmoja husema "kwetu". Neno la ukoo si jina la kitu kama meza au dirisha. Ni wito, na ndani ya wito huo wamo aitaye, aitwaye, na wote waliomfundisha kuita. Ukimwambia mtoto kwamba "meza" ameliandika vibaya, umemsahihisha yeye. Ukimwambia kwamba neno la kumwitia bibi yake ni kosa, umemsahihisha na bibi yake asiyekuwapo darasani kujitetea.

Wapo watakaosema: kosa ni kosa, hata likitoka kwa bibi. Lakini hapa yafaa tutenge mambo mawili ambayo kalamu nyekundu huyachanganya, nayo ni kosa na tofauti. "Bairn" si "child" lililoharibika. Ni neno la Kiingereza cha kale, lenye ndugu zake hata leo katika lugha za Skandinavia. Tena Kiingereza hicho cha kale kilikuwa na neno "eam" kwa ndugu wa kiume wa mama, na "fædera" kwa ndugu wa kiume wa baba, kama sisi tunavyotenga mjomba na ami. Baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066, neno la Kifaransa "uncle" liliingia, na hatimaye likayafunika yote mawili. Hata hivyo "eam", kwa sura ya "eme", lilidumu Scotland na katika lahaja za kaskazini muda mrefu baada ya kutoweka katika lugha ya wakubwa. Basi mara nyingine lahaja ndiyo iliyotunza mali, na lugha sanifu ndiyo iliyoipoteza.

Hata hivyo tusijifanye kwamba upande wa pili hauna hoja. Mwaka 2013 shule moja ya msingi katika Black Country, magharibi ya Birmingham, ilitoa orodha ya misemo ya kienyeji ambayo watoto wasiitumie shuleni. Walikasirika wengi. Lakini hoja ya walimu wa namna hiyo ni nzito: mtoto wa maskini asiyefunzwa lugha ya mtihani na ya ofisi atafungiwa milango, na wale wanaoisifu lahaja yake hawatakuwapo kumfungulia. Wahenga wetu wenyewe walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mwalimu anayemnyima mtoto lugha sanifu kwa kisingizio cha kuiheshimu lahaja amemdhulumu pia, na dhuluma hiyo ni mbaya zaidi kwa kuwa huvaa joho la huruma.

Je, hatuna budi kuchagua dhuluma moja kati ya hizi mbili? La hasha. Tumtazame Joseph Wright, aliyezaliwa Yorkshire mwaka 1855. Alianza kazi akiwa na miaka sita, akaingia kiwandani, na alikuwa kijana wa miaka 15 ndipo alipojifunza kusoma. Mwaka 1901 akawa profesa wa isimu linganishi katika Chuo Kikuu cha Oxford. Kazi yake kubwa ilikuwa kamusi ya lahaja za Kiingereza, majuzuu sita yaliyotoka kati ya 1898 na 1905. Bila lugha ya vitabu asingefika Oxford, na bila lugha ya kwao Yorkshire asingekuwa na hazina ile ya kupeleka huko. Mtu huyu hakuvunja jicho; aliongeza la pili.

Mwaka 1975 kamati ya Bullock, iliyochunguza mafundisho ya Kiingereza nchini Uingereza, nayo ilikataa rai kwamba mtoto aiache lugha ya nyumbani mlangoni pa shule. Haikuwa hivyo zamani. Katika karne ya 19 watoto wa Wales waliosema Kiwelisi katika baadhi ya shule walivishwa kibao shingoni, alama ya aibu. Wasomaji wetu watakumbuka kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya ukombozi wa fikra, alisimulia jinsi watoto wa Kenya walivyovishwa alama ya namna hiyo hiyo kwa kusema Kigikuyu. Kibao kilisafiri mbali.

Na sasa tujiulize sisi tunaofundisha Kiswahili nje ya pwani: je, kibao hicho hakimo mikononi mwetu? Tangu mwaka 1928, Kiunguja kilipochaguliwa huko Mombasa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tumekuwa na kipimo, nacho kimetufaa sana. Lakini tuseme mwanafunzi wa Lubumbashi ameandika, "Yaya yangu ndiye anilipiaye karo." Kwa Kiswahili cha Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa. Kwa sanifu ni mtumishi aleaye watoto. Mwalimu anacheka, darasa linacheka, na kalamu inapita. Kwa mpigo mmoja yule aliyemtolea mdogo wake jasho amegeuzwa mtumishi wa nyumba. Mkenya naye humwita "nyanya" yule ambaye Mtanzania humwita "bibi", na wako wanaodhani kwamba mmoja wao lazima awe amekosea.

Rai yetu ni hii. Mwalimu ana wajibu wa kumpa mtoto neno la pili, bali hana haki ya kumnyang'anya la kwanza. Yule wa Lubumbashi yapasa aambiwe kwamba msomaji wa Unguja atamwelewa vingine, afundishwe "kaka" na "dada", na ajue mahali pa kila moja. Aambiwe pia, mbele ya wenzake, kwamba "yaya" ni neno la heshima kwao. Jambo hili huchukua dakika mbili zaidi ya mstari mwekundu, na huhitaji mwalimu akubali kwanza kuuliza: "Kwenu mwasemaje?"

Wahenga hao hao walisema mkataa kwao ni mtumwa. Ikiwa ni hivyo, basi mwalimu amfundishaye mtoto kupaonea haya kwao amefanya kazi ambayo hakutumwa na mzazi yeyote.