Bamvua na Tafakuri

Kina mama wa Kibuyuni, jirani na Shimoni huko Kwale, hulima mwani kwa kufuata mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hupwa mbali, nao hushuka na kamba zao kufunga mbegu au kuvuna. Yakiingia maji mafu, kazi hiyo hupungua. Mwezi huohuo ndio unaoleta Ramadhani na kuiondoa. Basi mkulima wa mwani yumo katika mpango mmoja, awe majini au juu ya msala. Hata hivyo, mtu aweza kuzeeka ndani ya mpango huo asione kitu ila uchovu na bei ya kilo. Kuwa karibu na ishara hakutoshi. Kumtambua Mungu katika shughuli za kila siku ni ujuzi wenye mazoezi yake, na kwa maoni yangu hakuna walioyaeleza mazoezi hayo kwa makini kuliko masufi.

Imamu Ghazali, aliyeacha kazi ya kufundisha Baghdad mwaka 1095, ametenga sehemu nzima ya kitabu chake, Ihya, kwa ajili ya tafakuri. Humo huchukua viumbe tunavyovipuuza, kama nyuki, buibui na mbu, akavitazama kiungo kwa kiungo, mpaka akili ya msomaji itoke kwenye kiumbe imwendee aliyekipanga. Lakini akili iliyozoea kurukaruka haiwezi safari hiyo, ndiyo maana dhikri huja kwanza. Ratibu iliyopangwa Hadhramaut na Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad, aliyefariki mwaka 1720, ingali inasomwa pwani yetu: matamko mafupi, yaleyale, tena na tena. Anayelalamika kwamba ni marudio matupu hajauliza marudio hayo yanafanya nini. Yanamtuliza msomaji mahali pamoja, ili kesho yake, akifunga mbegu ya mwani kwa bismillahi, neno hilo lisimpite mdomoni tu. Kamba ni ileile na mbegu ni ileile. Kilichobadilika ni mtazamaji. Na jambo hili si mali ya masufi peke yao, kwani hadithi ya Jibrili imeeleza ihsani kuwa ni kumwabudu Mungu kana kwamba unamwona.

Wapo watakaosema hapa ndipo uzushi unapoingilia. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, na baada yake Sheikh Abdallah Saleh Farsy, walikemea bidaa kwa kalamu nzito, na sauti zao zingali zinasikika Kwale. Katika kaunti yenye msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, hofu kwamba kumtafuta Mungu mitini ni kurudi kwenye koma, yaani mizimu ya wahenga, si hofu ya kipuuzi. Lakini Ghazali mwenyewe amekataza kuifikiria dhati ya Mungu. Fikra iwe juu ya viumbe vyake. Junaid wa Baghdad naye alifundisha kwamba tauhidi ni kumtenga wa milele na vilivyoumbwa. Anayeabudu mti amesimama njiani. Mwenye kutafakari hupita. Ila pale kaburi linapoombwa, au sheikh anapotiiwa hata akikosea, wakosoaji wana haki, wala sioni sababu ya kuwapinga.

Pingamizi lililo zito zaidi halitoki msikitini. Kwale ilichimbwa titani hadi mwisho wa mwaka 2024, na sehemu kubwa ya ufuo wa Diani imezibwa na hoteli. Kumwambia mvuvi atafakari, je, si kumlewesha? Ingekuwa hivyo kama tafakuri ingeishia kwenye utulivu wa moyo. Tumtazame Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija aliyeanzisha chuo cha Riyadha kule Lamu. Aliwakaribisha darasani waliohesabiwa wanyonge, hata waliotoka utumwani, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachukia. Ukishamwona mtu kuwa ni kazi ya Mungu, huwezi tena kumkadiria kwa ukoo wake; ukishauona ufuo hivyo, huwezi kuuona kuwa kiwanja tu. Msikiti wa Kongo huko Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, umejengwa kwa matumbawe karne nyingi zilizopita na bado unaswaliwa. Wanaoswali pale wana haki ya kuuliza njia ya kushukia baharini ni ya nani, na swali hilo haliko nje ya dhikri yao.